Mashine ya nyasi ya tustroki inagoma? Pima kompresheni kwanza, kabureta baadae

Mashine ya kukata nyasi ya tustroki, yaani yenye injini ya mipigo miwili, ikigoma tu, mtu wa kwanza kusulubiwa ni kabureta. Inafunguliwa, inaoshwa na petroli, inapulizwa kwa mdomo, inarudishwa, haiwaki, inafunguliwa tena. Na sisemi hivi kumcheka mtu maana mi mwenyewe nimefanya huo ujinga, kuna mashine moja nilifungua kabureta mara tatu ndani ya siku mbili, nikabadilisha plagi, nikamwaga mafuta yote nikaweka mapya, mkono ukaota malengelenge kwa kuvuta kamba, kumbe ringi ya pistoni imeganda kwenye mfereji wake na pistoni imechubuka upande mmoja. Kabureta ya watu ilikuwa haina kosa lolote.

Tokea siku ile utaratibu wangu ni mmoja. Cheche ipo? Sawa. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipo? Hapo ndo naendelea na mengine. Kupima kompresheni ni kazi ya dakika kumi, kufungua kabureta ni nusu siku na unaweza ukapoteza kispringi ukabaki unakitafuta kwenye mchanga.

Kabla hatujaenda mbali kuna kitu kimoja cha tustroki ambacho wengi waliozoea injini za mipigo minne hawakiweki akilini. Tustroki inagandamiza mara mbili. Pistoni ikipanda inabana mchanganyiko juu, kwenye silinda, hiyo ndo kompresheni tunayoijua. Lakini pistoni hiyo hiyo ikishuka inabana mchanganyiko ulioko chini yake, kwenye krenkikesi (chumba cha chini inamozunguka krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni), ili usukumwe kupitia milango ya pembeni uende juu. Geji yako ya kupimia kompresheni inasoma ya juu tu. Ya chini haiioni kabisa. Kwa hiyo unaweza ukapata namba nzuri kwenye geji na mashine bado haiwaki, usichanganyikiwe, tutafika huko.

Dalili zinazokupeleka kwenye kompresheni

Ya kwanza ni kamba kuwa laini. Mashine nzima ukivuta kamba taratibu unasikia inakataa, inaachia, inakataa, inaachia. Ikiwa kamba inakuja yote mpaka mwisho kama unavuta uzi kwenye sweta, basi hewa inatoka mahali. Ila angalia pia kwamba staata inashika kweli, maana zile kucha za staata zikichakaa kamba inakuja tupu na injini haizunguki hata kidogo, we unadhani kompresheni imekufa kumbe krenki imesimama tu hapo. Tazama bleidi chini, ikiwa haizunguki ukivuta kamba basi tatizo ni staata.

Ya pili, hii inasumbua watu sana: asubuhi inawaka vizuri, unakata nyasi dakika ishirini, inazima, na hapo hata ukivuta mpaka jua lizame haiwaki, mpaka ipoe kabisa. Hii inaweza kuwa koili (kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche) inayokufa ikipata moto, na inaweza kuwa kompresheni ya mpaka mpaka, yaani injini ikiwa baridi oili bado nzito inasaidia kuziba, ikipata moto oili inakuwa nyepesi kama maji na ringi iliyochoka inaachia hewa. Namna ya kutofautisha ni kupima pale pale ilipozima, usisubiri ipoe. Cheche ipo na geji imeshuka, umempata mwizi. Cheche hakuna, achana na pistoni kashughulike na koili.

Ya tatu, inawaka, inanguruma vizuri, ukiingia kwenye nyasi nzito inakata pumzi. Hapa usikimbilie ringi. Kwenye tustroki masizi yanajaa kwenye mlango wa ekzosi na kwenye sailensa mpaka moshi unakosa pa kutokea, na geji inaweza kusoma vizuri tu.

Halafu kuna ile ambayo kamba haivutiki kabisa. Usilazimishe. Toa plagi kwanza halafu jaribu tena. Ikizunguka na petroli ikaruka kwenye tundu, injini ilikuwa imejaa mafuta, labda uliilaza vibaya au sindano ya kabureta haifungi. Ikiwa hata bila plagi haizunguki, basi ama pistoni imenata kwenye silinda au kuna kitu kimebana bleidi.

Kabla hujashika chochote: bleidi

Kwenye mashine nyingi za kusukuma bleidi imefungwa moja kwa moja kwenye krenki. Ukivuta kamba bleidi inazunguka, na ukizungusha bleidi kwa mkono injini inazunguka, na injini ya moto yenye mafuta ndani inaweza ikashtuka na kuwaka kwa huo mzunguko mmoja tu. Vidole havioti tena. Kwa hiyo kofia ya plagi inatoka kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na inafungwa mbali isije ikarudi yenyewe. Ukiilaza mashine, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu, na funga koki ya mafuta kama ipo. Tustroki haina oili kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) kwa hiyo hilo halikusumbui, ila petroli ikiingia kwenye krenkikesi itakusumbua.

Ukiwa hapo chini kaza na bolti ya bleidi. Bleidi iliyolegea inafanya injini ipige kamba kurudi nyuma wakati wa kuwasha na watu wanadhani ni taiming, yaani muda wa cheche kutoka.

Kupima bila geji

Huna geji? Haina shida, utapata jibu la ndio au hapana. Vaa glovu nzito, plagi iwe imefungwa kwenye silinda lakini kofia imetoka, zungusha bleidi polepole upande inaozungukia. Utafika mahali inakuwa ngumu. Sukuma kidogo uachie. Injini yenye afya inakurudisha nyuma kama mtu amekusukuma kifuani. Injini iliyochoka inakuwa ngumu kidogo halafu unasikia "ssss" na inapita tu. Huo mlio ndo mali, usiuache upotee. Sikiliza unatokea wapi. Chukua maji ya sabuni upake kuzunguka plagi na pale silinda hedi inapokaa, uzungushe tena. Mapovu yakitoka kwenye plagi, plagi imelegea au haina ile washa yake, yaani pete ya kuzibia. Yakitoka kwenye hedi, gasketi au bolti za hedi. Hakuna mapovu popote lakini hewa inapita, inashuka pembeni ya pistoni.

Ile ya kuweka kidole kwenye tundu la plagi na kuvuta kamba inafanya kazi pia, ila kidole cha mtu kinaona kompresheni ya PSI 70 (PSI ndo kipimo cha mgandamizo kwenye geji) ni kali sana wakati injini haiioni hivyo. Inakwambia kama imekufa kabisa, haikwambii kama inaumwa.

Kupima na geji, na jinsi geji inavyokudanganya

Tafuta geji ya kufunga kwa nyuzi, sio ile ya kukandamiza na raba kwa mkono maana utahitaji mikono mitatu. Plagi nyingi za mashine hizi ni nyuzi za milimita 14, lakini pima yako. Angalia na urefu wa ile adapta, isiwe ndefu kuliko nyuzi za plagi yako, la sivyo pistoni ikipanda itagonga chuma na hapo umetengeneza tatizo jipya.

Jambo lingine ambalo limewafanya watu wavunje injini nzima bila sababu: geji za gari. Zile zenye mpira mrefu, na valvu ya kuzuia hewa isirudi iko kule juu karibu na ile saa ya kusomea namba. Kwenye injini ya gari haina neno, silinda ni kubwa. Kwenye injini ndogo, ule mpira mrefu unakuwa kama umeongeza nafasi ya chemba ya kuchomea, hewa inasambaa humo na namba inashuka. Unasoma 70 wakati injini iko 110. Geji inayofaa ina valvu pale pale kwenye ncha inayoingia kwenye silinda. Kama huna uhakika na geji yako, ipime kwenye injini ndogo unayojua ni nzima uone inasoma ngapi.

Sasa kazi yenyewe. Iwashe kwanza kama inawaka, ipate moto kidogo, izime. Toa plagi, funga geji kwa mkono mpaka iwe tait. Waya wa plagi uguse bodi ya injini, au swichi iwe kwenye kuzima, usiuache unaning'inia maana koili ikikosa pa kupeleka umeme inaumia na cheche ikiruka karibu na mvuke wa petroli unajua yatakayotokea. Weka mashine mahali pagumu na tambarare, sio juu ya nyasi, kwa sababu nyasi zinashika bleidi na mzunguko unapungua. Fungua mafuta yote mpaka mwisho, yaani ule wenzo wa kuongeza mwendo, sio koki ya tenki, na choki iwe wazi kabisa. Hili la kufungua mafuta watu wengi wanaruka, injini inavuta hewa kupitia tundu dogo, namba inatoka ndogo, mtu anaagiza pistoni.

Vuta kamba kwa nguvu sawa sawa, mara sita mpaka nane, mpaka mshale ugome kupanda. Na uangalie mshale unavyopanda, sio namba ya mwisho tu. Injini nzima mvuto wa kwanza unapeleka mshale zaidi ya nusu ya safari, wa pili na wa tatu unamalizia. Ile inayopanda kidogo kidogo, kumi, kumi, kumi, mpaka inafika mahali, hiyo inavuja hata kama mwisho wake unaonekana sio mbaya.

Namba zenyewe, kila injini ina yake na kitabu chake kikisema kitu kifuate, lakini kwa mashine ndogo za tustroki mi natembea hivi: PSI 120 kwenda juu niko na amani. Kati ya 90 na 120 inafanya kazi, hasa kama imeshatumika miaka. Chini ya 90 inaanza kuwaka kwa kubembeleza, na ikishuka karibu 70 hapo tegemea kelele tu. Kama geji yako inasoma kwa bar, 100 PSI ni karibu bar 7. Sifuri kabisa ni mara chache iwe ringi kuchoka, ringi haichoki kwa siku moja. Sifuri ni tundu kwenye pistoni, ringi imevunjika, plagi imetoka na nyuzi, au dikompresa.

Dikompresa nayo! Mashine zingine zina kivalvu kidogo cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha ili kamba isiwe ngumu. Kikijaa masizi kinabaki wazi, na unapata geji mbaya wakati pistoni ni mpya kabisa. Zingine hata kikiwa kizima kinafunguka chenyewe ukivuta kamba, kwa hiyo kipimo lazima kitoke chini. Kama mashine yako ina kitu cha namna hiyo kwenye silinda, kitoe ukisafishe au uzibe tundu lake kwa muda, upime tena, ndo uamini.

Na namba ikiwa kubwa kupita kiasi? Masizi yamejaa juu ya pistoni na nafasi imepungua, au kuna mafuta yametuama humo ndani. Izungushe bila plagi yakauke, upime upya.

Namba imetoka ndogo, sasa nini

Watu wa magari watakwambia weka oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kwenye mashine yetu unaweza, lakini matone tu, nusu kijiko cha chai ni nyingi tayari, kwa sababu oili yenyewe inakula nafasi na namba itapanda hata kwenye injini mbovu. Namba ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi. Isipopanda, rudi kwenye gasketi ya hedi, plagi, dikompresa, au tundu kwenye pistoni. Kuna na kisa kimoja kizuri: mashine iliyomiminiwa mafuta kwa kuvutwa na choki mara hamsini, petroli inaosha oili yote kwenye ukuta wa silinda na kompresheni inapotea. Yale matone ya oili yanairudisha, inawaka, inatoa moshi kama treni dakika mbili halafu inatulia. Hapo umepona bila kufungua bolti hata moja.

Kama haijapona, usikimbilie kufungua hedi. Fungua sailensa. Hapa ndo tustroki inawapita ndugu zake, kwa sababu ukitoa sailensa unaona pistoni uso kwa uso kupitia mlango wa ekzosi. Chukua tochi, zungusha bleidi taratibu, mtazame anavyopita. Pistoni nzima inang'aa, ina mistari hafifu ile ya kiwandani ya kulala. Pistoni iliyoungua ina mikwaruzo ya kusimama, ya kijivu, kama mtu amepitisha msumari juu chini, na aluminiamu imeyeyuka ikapakaa juu ya ringi mpaka huoni ringi inaishia wapi. Ukifika usawa wa ringi, ibonyeze kwa kijiti cha mti kupitia huo mlango. Inatakiwa iingie kidogo na irudi kama springi. Isiposogea imeganda na masizi. Usitumie bisibisi hapo nakuomba.

Mikwaruzo inasema ilitokea wapi. Ikiwa upande wa ekzosi tu, injini ilipata moto kupita kiasi: mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi mafuta kidogo, au mapezi ya kupoozea yamejaa nyasi, toa ile kava ya juu uone, utakuta kiota cha nyasi kavu humo. Ikiwa imekwanguka upande wa kuingizia, vumbi limepita, chujio la hewa limetoboka au halikukaa vizuri. Ikiwa pande zote, mtu aliweka petroli tupu bila oili. Hii ya mwisho kila mwenye mashine anakataa, "mi huwa nachanganya," sawa, lakini pistoni haijui kusema uongo. Soma kitabu cha mashine yako, kuna zinazotaka 25 kwa 1, zingine 32 kwa 1, zingine 50 kwa 1, na kukisia kwa jicho ndo kunaleta haya.

Ringi ikiwa imeganda tu na pistoni ni safi, kuna matumaini. Toa silinda, loweka pistoni kwenye kisafisha kabureta au dizeli usiku mzima, ringi itoke taratibu, masizi kwenye mfereji uyakwangue na kipande cha ringi ya zamani iliyovunjika, hakuna kifaa kinachokaa vizuri kuliko hicho. Halafu ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume na pistoni ikae sawa sentimita mbili au tatu ndani, pima mwanya wa ncha zake na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya. Kipimo cha mafundi ni milimita 0.1 hivi kwa kila milimita 25 za upana wa silinda, kwa hiyo silinda ya milimita 55 ringi mpya itakupa 0.2 na kidogo. Ukikuta inakaribia milimita nzima, tupa. Wakati wa kurudisha, mshale wa juu ya pistoni kwa kawaida unaangalia ekzosi, na ncha za ringi zikae kwenye kile kipini kilichoko kwenye mfereji. Hicho kipini kipo ili ringi isizunguke ncha zake zikaingia kwenye mlango na kuvunjika, kwa hiyo ukikikosea mvuto wa kwanza tu utasikia "tak" na safari imeishia hapo.

Geji nzuri lakini bado haiwaki

Sasa turudi kule chini kwenye krenkikesi. Dalili yake ni hii: ukimwaga petroli kidogo kwenye tundu la plagi inawaka sekunde mbili inazima, ukirudia vile vile. Au inawaka lakini inapanda na kushuka yenyewe, ukiiachia haikai slo (mzunguko wa polepole bila kukanyagwa mafuta), na inapata moto haraka. Kama kabureta inapitisha mafuta vizuri, basi oili sili za krenki (zile pete za raba za kuzuia kuvuja) zimekauka au gasketi ya chini inavuta hewa. Mashine iwe inaunguruma, puliza kisafisha kabureta kidogo kidogo kuzunguka maungio ya kabureta na krenkikesi, mbali na sailensa ya moto, ukisikia mlio unabadilika ndo hapo panapovuja. Bleidi inazunguka muda wote huo, kwa hiyo sili ya chini usiipime hivi, hiyo inahitaji kuziba milango na kupampu hewa kidogo, PSI 6 au 7 tu, uone kama inakaa.

Mafuta yakirudi nyuma na kutemewa kwenye chujio la hewa, tazama ridi valvu, kale kakipande kembamba ka bati kanakofungua na kufunga njia ya kuingilia kwenye injini zenye nayo. Kakipasuka au kakikunjika, mchanganyiko unarudi ulikotoka.

Na kama bleidi iligonga jiwe au mzizi kabla shida haijaanza, usipoteze muda na geji. Fungua flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki, utazame kii. Ni kipande kidogo cha chuma laini, kikikatika nusu tu cheche inatoka muda usio wake, injini ina kompresheni, ina mafuta, ina cheche, na bado inapiga kamba nyuma au inatoa mlipuko kwenye ekzosi.

Ile mashine yangu ya kabureta mara tatu ilisoma 62. Pistoni ilikuwa imechubuka upande wa ekzosi, silinda ni ya chuma, aluminiamu iliyopakaa ilitoka kwa msasa laini na subira, nikaweka pistoni na ringi mpya, tenki mbili za kwanza nikaiendesha bila kuikaba. Baada ya hapo ikasoma 118. Nimeandika hizo namba mbili na tarehe kwa maka peni ndani ya kava ya injini, chini yake nikaacha nafasi, na msimu uliofuata nikaongeza ya tatu, 114.